Tiyo ya kurudisha esanse: jilinde mbele ya kuifunga

Ndugu mtumishi, labda unayo motokari ya mbio, na unataka kuitilia tiyo ya pili, ile ya kurudisha esanse. Kazi hiyo ina faida. Pompi inasukuma esanse mpaka kwenye masini. Regilateri inashika presio inayotakiwa, mara nyingi karibu bari 3. Esanse inayozidi inarudi katika tangi. Hivyo haikai ikipata moto karibu na masini, na presio haibadiliki ovyo.

Lakini angalia! Ukizima masini, presio inabaki ndani ya tiyo. Ukiifungua hivyo, esanse itakurukia machoni.

Basi fuata haya:

1. Toa fizibli ya pompi, washa masini, acha izimike yenyewe. Kisha ondoa waya wa batri.

2. Fanya kazi nje, bila sigara. Mvuke wa esanse ni mzito kuliko hewa: unatambaa chini mpaka kwenye mbabula ya mama watoto.

3. Usifunge tiyo ya maji, maana esanse inaiharibu. Nunua ile ya esanse yenye kuvumilia presio.

4. Usivute esanse kwa mdomo. Ikiingia mapafuni, inayaunguza. Mtu akimeza, usimtapishe; mlete upesi lopitali.

5. Ikiingia machoni, osha kwa maji safi dakika 15, kisha uje kwa muganga.

Ndugu, motokari inaweza kungoja mpaka kesho. Watoto wanakungojea leo jioni, ukiwa mzima.