Skrini Ndogo, Fomu Kubwa: Jinsi ya Kupata Nafasi kwenye Kompyuta Yako

Juni inapoelekea ukingoni, saiba za Kitengela na Kajiado mjini hujaa watu wanaotaka kuwasilisha ritani za ushuru kabla ya tarehe 30. Katika pilkapilka hizo hakosi mtu anayelalamika kwamba fomu imekwama: amejaza kila kitu lakini kitufe cha kutuma hakionekani. Mara nyingi fomu haina tatizo lolote. Kitufe kiko chini ya ukingo wa skrini, mahali ambapo kipanya hakifiki. Anayekata tamaa na kurudi nyumbani anaweza kupitwa na muda, na adhabu ya mtu binafsi anayechelewa ni shilingi 2,000 au asilimia 5 ya ushuru anaodaiwa, kutegemea ipi ni kubwa.

Chanzo ni hesabu ndogo tu. Laptopu nyingi ndogo, hasa zile zilizotumika ng'ambo kabla ya kuletwa hapa, zina skrini yenye nukta 1366 kwa upana na 768 kutoka juu hadi chini. Upana unatosha, tatizo ni kimo. Windows nayo mara nyingi huwa imekuza maandishi kufikia asilimia 125, na hapo ni kama umebaki na nukta 614 tu. Ule mstari wa chini wenye saa huchukua takriban 40 kati ya hizo, au 48 kwenye Windows 11. Juu yake kuna vichupo vya kivinjari, sehemu ya kuandika anwani na mstari wa alamisho. Fomu yenyewe inabaki kuchungulia kama mtu aliye nyuma ya ua.

Ikiwa umeshakwama na foleni iko nyuma yako, bonyeza Ctrl pamoja na alama ya kutoa (-) mara mbili au tatu. Ukurasa utapungua na kitufe kitajitokeza. Ukimaliza, Ctrl na 0 hurudisha ukubwa wa kawaida. Kitufe cha F11 huondoa mistari yote ya juu na ya chini, na ukikibonyeza tena, hurudi. Kama ni kidirisha kidogo ambacho sehemu yake ya chini imefichika, bonyeza Alt na kitufe kirefu cha nafasi, kisha M, halafu tumia mshale wa juu kukisogeza. Wengi hawaijui mbinu hii, hata wahudumu wa saiba.

Kwa kompyuta yako mwenyewe, afadhali urekebishe mara moja. Bofya kulia mahali patupu kwenye skrini, chagua "Display settings", kisha kwenye "Scale" weka asilimia 100. Maandishi yatakuwa madogo. Mzee anayesoma kwa miwani asilazimishwe. Mwachie 125 na umfichie mstari wa chini. Huo hufichwa kwa kuubofya kulia, kufungua "Taskbar settings" na kuwasha "Automatically hide the taskbar". Utajitokeza wenyewe ukipeleka kipanya chini kabisa. Mstari wa alamisho wa Chrome huondoka kwa Ctrl, Shift na B.

Wanaojaza ritani kwenye fomu ya Excel wana shida yao: vile vitufe vingi vya juu hula nafasi kubwa kuliko kitu kingine chochote. Ctrl na F1 huvikunja, na safu kadhaa zaidi za jedwali huonekana papo hapo.

Kuna pia aikoni zilizojaa skrini nzima. Zile zenye mshale mdogo pembeni ni njia za mkato tu. Ukizifuta, programu yenyewe inabaki. Zisizo na mshale kwa kawaida ni faili au folda halisi, kwa hivyo zihamishie kwenye "Documents" kabla ya kufanya lolote. Ukitaka tu kuzificha, bofya kulia, nenda "View" na uondoe alama kwenye "Show desktop icons".

Kwenye kompyuta za saiba jambo hili ni zito zaidi. Nakala ya kitambulisho, cheti cha PIN au hatimiliki ya shamba unayoiacha hapo itaonwa na kila atakayekuja baada yako. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakulinda, lakini haiwezi kukufutia faili. Chagua faili hiyo, bonyeza Shift na Delete kwa pamoja ili isibaki kwenye pipa la taka, kisha angalia pia folda ya "Downloads", kwa sababu nakala nyingine kwa kawaida huwa huko. Toka kwenye akaunti yako ya eCitizen na iTax kabla hujalipa na kuondoka.