Redskins Walilazimishwa Kubadilisha Jina, Seminoles Wakaachwa. Mbona?

Buda, hebu fikiria timu ya majuu imejiita lile tusi watu hutumia kutukana kabila yenu. Kila wikendi maelfu ya mafans wanajipaka rangi usoni wakijifanya ni nyinyi. Ungefurahia?

Hivyo ndivyo wenyeji asilia wa Marekani wameishi miaka mingi.

Anza na Washington. Timu yao ya NFL ilichukua jina Redskins 1933, ikiwa bado Boston. Maana yake ni "ngozi nyekundu", na kamusi za Kizungu zenyewe zinasema ni tusi. Na usiwacheke sana, hata sisi tumezoea kuwaita "Wahindi Wekundu", na wao si Wahindi wala si wekundu.

Wenyeji walipeleka malalamishi rasmi 1992, wakiongozwa na Suzan Harjo. Kesi zikazunguka miaka na mikaka. 2013 mwenye timu, Dan Snyder, akakaza kabisa: jina halitabadilika kamwe.

Kilichomlainisha ni chapaa. 2020, maandamano ya George Floyd yakiwa moto, FedEx, ambao uwanja ulikuwa na jina lao, waliitisha jina litolewe. Nike nao wakaondoa bidhaa za timu kwa tovuti yao. Haikufika wiki mbili, Redskins ikazikwa. Tangu 2022 wanaitwa Commanders.

Cleveland ya besiboli nayo ilikuwa na Chief Wahoo, kichwa chekundu kama nyanya, meno yote nje. Ilitolewa kwa jezi 2019, na kufikia 2022 Indians wakawa Guardians, jina la sanamu kubwa za daraja moja hapo mjini.

Sasa cheki Florida State. Timu za chuo hicho zinaitwa Seminoles. Tangu 1978, kabla ya mechi ya nyumbani msee aliyevaa kama Osceola, shujaa wa Seminole aliyepigana na jeshi la Marekani, huingia na farasi na kudunga mkuki unaowaka moto katikati ya uwanja.

2005 NCAA, wanaosimamia michezo ya vyuo, walipiga marufuku maskoti za aina hiyo kwa mashindano yao ya mwisho wa msimu. Seminoles wakaponea, juu kabila ya Seminole ya Florida yenyewe ilisema iko sawa. Hata zile nguo za Osceola walihusika kuzitengeneza.

Si wote wanakubaliana. Kuna wenyeji hawataki maskoti yoyote, na kura ya maoni ya Washington Post ya 2016 ilipata 9 kati ya 10 hawasumbuliwi na jina Redskins. 2025 Trump naye aliitisha majina ya zamani yarudi.

Lakini ukiangalia vizuri, Florida State waliongea na wenyewe. Washington walingoja hadi wenye pesa wakasirike.

Na wewe je? Timu ya majuu ikichukua jina la kabila yenu bila kuwauliza, utanunua jezi ama utawasha moto?