Je, Wajua Theluji ya Bonneval Hupitia Italia?

Tarehe 5 na 6 Aprili 1959, wakati wakazi wa Milima ya Alps walikwisha kuona majira ya baridi yanaaga, kijiji cha Bessans huko Savoie, Ufaransa, kiliangukiwa na theluji ya kina cha sentimita 172 ndani ya saa 19. Ni kimo cha mtu mzima. Rekodi hiyo hutajwa hadi leo kila wataalamu wa hali ya hewa wa Ulaya wanapozungumzia dhoruba kubwa, na kinachowavutia zaidi ni upande ambako dhoruba hiyo ilitokea. Ilikuja kutoka mashariki, mahali ambapo kwa kawaida theluji ya Ufaransa haitarajiwi.

Dhoruba nyingi zinazoipa Ufaransa theluji huzaliwa Bahari ya Atlantiki. Zikifika Alps, milima ya mbele hujichotea fungu la kwanza, na mabonde ya nyuma kabisa, karibu na mpaka wa Italia, huambulia masazo. Bonde la juu la mto Arc, liitwalo Haute-Maurienne, liko huko nyuma, na safu ya Vanoise imelikinga upande wa magharibi. Zipo wiki ambazo vituo vikubwa vya skii hufukiwa na theluji huku Bessans na jirani yake Bonneval-sur-Arc wakinyunyiziwa kidogo tu.

Lakini bonde hilo lina mlango wa nyuma. Eneo la kanieneo ndogo ya hewa likituama karibu na Ghuba ya Genoa, upepo hulizunguka kinyume cha mwendo wa mishale ya saa, kama ilivyo kawaida kaskazini mwa ikweta. Upepo huo huokota unyevu wa Mediterania, huupitisha juu ya tambarare ya mto Po, kisha huusukuma kuelekea magharibi mpaka ugonge Alps kwa upande wa Italia. Hapo hewa haina pa kwenda ila juu. Ikipanda hupoa, ikipoa hushindwa kubeba maji yake, na mzigo hutuliwa palepale mpakani. Ni kanuni ileile inayoifanya Amani, katika Usambara Mashariki, ilowe kwa unyevu wa Bahari ya Hindi huku nyika ya Mkomazi nyuma ya milima ikibaki kavu. Bonneval imebahatika kukaa karibu na ukingo kiasi kwamba hudaka kinachomwagikia upande wa pili. Wafaransa huiita hali hii retour d'est, marejeo ya mashariki. Siku kama hizo theluji inaweza kuanguka Bonneval bila kukoma, na ukishuka na bonde kwa saa moja unaweza kukuta watu wanaota jua.

Kijiji chenyewe kiko mita 1,800 hivi kutoka usawa wa bahari, na viti vya kebo vinapanda hadi karibu mita 3,000. Nyumba ni za mawe, kuta nene, paa zimeezekwa vibamba vizito vya mawe ambavyo havitikiswi na upepo wala kuelemewa na theluji. Kwenye roshani za baadhi ya nyumba utaona matofali ya kahawia yamepangwa safu kwa safu: ni samadi ya kondoo iliyokatwa na kukaushwa. Huko juu miti ni adimu, kwa hiyo wazee walipikia na kuota moto wa samadi. Waya za umeme zimefukiwa ardhini, antena hazionekani, na magari huachwa mlangoni mwa kijiji. Hayo hayakuja kwa bahati. Gilbert André, aliyekuwa meya kuanzia 1956 kwa karibu miaka arobaini, alikataa kijiji chake kigeuzwe mji wa maghorofa wakati mabonde ya jirani yalikuwa yanajengwa usiku na mchana. Alikuwa pia mmoja wa waliopigania Hifadhi ya Taifa ya Vanoise, ya kwanza Ufaransa, iliyoanzishwa 1963.

Sasa tuje kwa msomaji aliyeko Ulaya, anayejua kuteleza, anayetafuta mahali pa theluji ya uhakika pasipo na foleni. Vipeperushi vya matangazo vitamshika kwa namba moja: urefu kutoka usawa wa bahari. Namba hiyo ina maana, kwa sababu joto hushuka kama nyuzi 6 kwa kila mita 1,000 unazopanda, na mvua ya bondeni huweza kuwa theluji safi huko juu. Ila urefu unaotangazwa mara nyingi ni wa kilele cha kebo ya mwisho, ambako upepo ukizidi kidogo hufungwa. Namba ya kuuliza ni ya chini: njia ya kurudia kijijini inaishia mita ngapi? Kituo kinachojigamba kwa kilele cha mita 3,000 lakini kinakushusha hadi mita 1,100 kitakurudisha nyumbani juu ya matope.

Swali la pili halimo kabisa kwenye vipeperushi, nalo ni mteremko umeelekea wapi. Bonneval iko kwenye latitudo ya nyuzi 45 na ushei. Tarehe 21 Desemba, saa sita mchana, jua la hapo linasimama nyuzi 21 tu juu ya upeo wa macho. Maana yake, mteremko wowote ulioelekea kaskazini na wenye mwinamo unaozidi nyuzi 21 haupati mwali hata mmoja wa jua la adhuhuri siku hiyo. Theluji yake hubaki kavu na nyepesi wiki nzima, kwani theluji mpya ya baridi kali ni hewa kwa zaidi ya asilimia 90. Mteremko wa kusini, ng'ambo ya bonde na kwa urefu uleule, huyeyuka juu juu mchana na kuganda usiku, na asubuhi unateleza juu ya gamba linalokwaruza. Ifikapo 21 Machi jua la adhuhuri limepanda hadi nyuzi 44 na nusu, na kivuli kinabaki kwenye magenge makali tu. Mlima wa Gemsstock juu ya Andermatt, Uswisi, umejipatia jina kwa ajili hiyo: unatoka mita 2,961 hadi karibu mita 1,440 ukiwa umeipa kaskazini uso.

Kuhusu utulivu, ushauri wangu ni mmoja. Fungua ramani utafute mahali ambapo barabara inakufa wakati wa baridi. Juu ya Bonneval kuna Col de l'Iseran, mita 2,764, njia iliyofunguliwa 1937 na inayounganisha kijiji hiki na Val d'Isère. Kiangazi ni mwendo wa kama kilomita 30. Majira ya baridi njia hufungwa kwa theluji, na anayetaka kutoka Val d'Isère kwenda Bonneval hana budi kuzunguka kwa saa kadhaa kupitia mabonde ya chini. Basi Val d'Isère, ikishirikiana na Tignes, ina njia za skii za kilomita 300 na umati wa kuzijaza, na nyuma ya ukuta huohuo Bonneval ina viti vichache na watu wachache. Theluji ya mashariki haibagui kati yao. Barabara ndiyo inayobagua.

Mtindo huo unajirudia. Obergurgl, katika jimbo la Tyrol, Austria, iko mita 1,930, na njia ya Timmelsjoch inayoendelea hadi Italia hufungwa majira ya baridi, kwa hiyo hakuna gari linalopita hapo likielekea kwingine. Msimu wake huanza katikati ya Novemba, mapema kuliko wengi. (Kijiji hiki kilipata umaarufu kwa namna ya ajabu: Mei 1931 Auguste Piccard na msaidizi wake Paul Kipfer walipaa kwa puto hadi mita 15,781, juu kuliko binadamu yeyote kabla yao, kisha wakatua kwenye barafuto iliyo juu ya Obergurgl.) Andermatt nayo imezungukwa na njia za Furka, Oberalp na Gotthard, ambazo barabara zake zote hufungwa, ikabaki na mlango mmoja wa korongo la Schöllenen kwa wanaokuja kwa barabara. Kwa miaka mingi uchumi wake ulitegemea kambi ya jeshi. Kisha tajiri wa Misri, Samih Sawiris, akaja na mahoteli, na 2018 kebo mpya zikaiunganisha na Sedrun. Siku za katikati ya wiki bado kuna nafasi, lakini nisingeiita tena siri.

Mteremko wa Obergurgl ni mpana na mpole, na bei za hoteli si za mchezo. Unamfaa mtu anayejua kuteleza na anayependa raha. Anayetaka kutikiswa aende La Grave, Ufaransa, ambako kebo inakupandisha hadi mita 3,200 na chini yake hakuna njia zilizosawazishwa na mashine wala vibao vya rangi. Kuna mlima, barafuto na akili yako. Huo ni ulimwengu tofauti kabisa na ule wa mashindano. Sabrina Simader, mzaliwa wa Kilifi aliyekulia Austria na kuiwakilisha Kenya kwenye Olimpiki ya Pyeongchang 2018, alishindana katika mchezo ambao njia zake hupigwa maji ili zigande na kuwa ngumu, kila mshindani apate uso uleule. Mtalii mzoefu anatafuta kinyume chake.

Na hapa ndipo uzoefu unapoweza kumponza mtu. Miteremko ya kivuli inayotunza theluji laini ndiyo hiyohiyo inayotunza matabaka dhaifu chini yake, na maporomoko mengi ya theluji huanzia kwenye mwinamo wa nyuzi 30 hadi 45, palepale mtelezaji hodari anapopapenda. Ulaya hutoa taarifa ya hatari kila siku kwa ngazi 1 hadi 5. Ngazi ya 3 huwahadaa wengi kwa sababu inasikika kama ya katikati, kumbe tayari uzito wa mtu mmoja unaweza kuufyatua mteremko. Nje ya njia zenye alama, kila mtu avae redio ndogo ya kutafutana, abebe koleo na fimbo ndefu ya kuchomea theluji, na kundi liwe na kiongozi mwenye leseni. Aliyefukiwa kabisa akipita dakika kumi chini, nafasi yake ya kupona huporomoka haraka, na helikopta haifiki ndani ya dakika kumi.

Utulivu nao una bei. Dhoruba inayoleta theluji ya Italia ndiyo inayofunga viti, na mara nyingine hata barabara ya bondeni hufungwa kwa kuhofia maporomoko. Juu ya mita 2,200 hivi hakuna miti, kwa hiyo mawingu yakishuka ardhi na anga vinakuwa rangi moja, huoni shimo wala kilima mpaka magoti yakuambie. Kwenye kituo chenye misitu ungejisogeza kati ya miti ukaendelea. Bonneval, siku kama hiyo, utakula jibini la Beaufort linalotengenezwa bondeni humo na kungoja.

Bado ningelipa bei hiyo, maana theluji ya uhakika inaelekea kuwa adimu. Utafiti uliochapishwa 2023 katika jarida la Nature Climate Change ulipima vituo 2,234 vya Ulaya na kuona kwamba dunia ikipata joto la nyuzi 2 zaidi ya enzi za kabla ya viwanda, asilimia 53 vitakuwa kwenye hatari kubwa sana ya uhaba wa theluji endapo havitatumia mashine za kutengeneza theluji. Mashine hizo zenyewe zinataka hewa baridi na kavu, nyuzi kadhaa chini ya sifuri, ndipo matone yagande kabla ya kutua.

Anayepanga safari akwepe likizo za shule za Februari, ambazo Ufaransa huzigawa kwa kanda na hivyo kuchukua karibu mwezi mzima. Wiki za kuanzia katikati ya Januari ni za baridi kali lakini viti ni vitupu. Mwezi Machi kina cha theluji huko juu kwa kawaida ni kikubwa kuliko Krismasi, na siku ni ndefu. Treni inafika Modane. Kutoka hapo kuna basi la zaidi ya kilomita 40 kupanda na mto Arc, na Bonneval ndicho kituo cha mwisho.