Kidudu cha unga kwenye mihogo: jina lilipokosewa

Katika shamba moja la mihogo huku Walungu, mama mmoja alitufungulia majani ya kileleni yaliyojikunja kama ngumi. Ndani, unga mweupe. "Ni ile mozaiki," akasema jirani yake, pompa ya dawa tayari mgongoni. Tukamwomba angoje kidogo.

Unga ule ni nguo ya kidudu. Ukiupangusa kwa kidole, unaona mwili wa rangi ya waridi. Wataalamu wanakiita Phenacoccus manihoti, na ni cha ukoo mkubwa wa vidudu vinavyofyonza utomvu kwa mdomo kama sindano. Vidukari ni ndugu zake, nzi mweupe pia. (Huyu jina linamdanganya: si nzi, kwani ana mabawa manne, nzi wa kweli ana mawili.) Nzi mweupe ndiye anayebeba mozaiki. Kidudu cha unga hakibebi.

Kukosea ukoo kuna gharama. Kidudu hiki kilionekana karibu na Kinshasa na Brazzaville mwaka 1973, kikapewa jina mwaka 1977. Kwa sababu mihogo asili yake ni Amerika ya Kusini, watafiti walikwenda huko kutafuta adui zake. Upande wa kaskazini wakapata kidudu kinachofanana nacho sana. Adui za kile zilipojaribiwa kwa hiki chetu, bure kabisa. Kumbe ni ndugu tu! Kile kina madume. Chetu ni majike matupu, yanazaa bila dume. Muda wote huo mihogo ilikuwa inakauka na watu wanalala njaa.

Mwaka 1981 yule ndugu akapewa jina lake, Phenacoccus herreni. Mwaka huohuo Anthony Bellotti akakipata chenyewe huko Paraguay. Kutoka huko akaletwa nyigu mdogo sana, anayetaga yai ndani ya kidudu. Aliachiliwa kwanza Nijeria, kisha nchi nyingi za Afrika, yetu ikiwemo. Hans Herren, aliyeongoza kazi hiyo, alipewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 1995.

Dawa ya kupiga inamuua nyigu huyo pia. Basi kabla ya kujaza pompa, geuza majani. Kidudu kilichokauka kuwa ganda gumu la kahawia, kiache hapo: mtoto wa nyigu yumo ndani. Na vijiti vyenye unga mweupe usivipande, wala usimpe jirani.

Katika shamba la yule mama maganda ya kahawia yalikuwepo, kwenye mche wa tatu. Jirani akatua pompa chini.