Turne bila meneja

Bandugu wasomi, wengi wetu tuko na diplome na tungali tunangojea mtu wa kutuinua. Mimi napenda muangalie namna Fugazi, bendi ya panki ya Washington iliyoanza kupiga mwaka 1987, ilivyofanya turne. Meneja hakuna: Ian MacKaye, mwimbaji wao, alipanga konseri mwenyewe kwa simu, mji kwa mji. Bilete ilikuwa karibu dola 5 tu, na hata watoto waliingia. Kwa kuwa baa nyingi zilikataza watoto, walitafuta kumbi za makanisa na za vyuo. Iliwezekanaje? Walipunguza gharama: kulala kwa marafiki, kubeba vyombo wenyewe. Ndiyo maana hakuna aliyewaamuru. Basi, mbele ya kutafuta mfadhili, tuhesabu kwanza: ni gharama gani tunaweza kuzitoa sisi wenyewe?