Mlango wa Ukristo na Mabawabu Wake

Miongoni mwa maswali anayoulizwa mtu yeyote aliyesoma elimu ya dini katika mji wetu wa Goma, na ambayo aghalabu hayaulizwi hadharani wala mimbarani bali pembeni, baada ya posa kupelekwa au baada ya binti wa jirani kuhamia kwaya nyingine, ni hili: je, Mkatoliki ni Mkristo? Muulizaji kwa kawaida ni Mprotestanti mwema, mwenye mashemeji na marafiki Wakatoliki, aliyesoma pengine katika shule ya masista, naye haulizi kwa chuki. Anauliza kwa sababu mambo mawili yanagongana moyoni mwake, yaani yale ayaonayo kwa jirani yake kila siku na yale aliyofunzwa katika darasa la ubatizo. Makala hii yakusudia kueleza fundisho hilo lilitoka wapi, kwa nini limeshika mizizi huku Kivu, na ni wapi, kwa rai yangu, linapovuka mpaka wake.

Kwanza tuondoe dhana moja. Watu walio nje ya madhehebu haya hudhani kwamba hitilafu yao ni juu ya Mungu mwenyewe, na sivyo. Utatu, uungu wa Kristo, kufa kwake na kufufuka kwake, mambo yaliyothibitishwa katika mitaguso ya Nikea mwaka 325 na Konstantinopoli mwaka 381, Mkatoliki huyakiri kwa sauti katika Misa ya Jumapili, na Mbaptisti, ingawa ibada yake kwa kawaida haina desturi ya kukariri kanuni ya imani, huyaamini bila kupunguza. Lau kipimo kingekuwa hicho peke yake, suala lisingezuka kamwe. Kipimo ni kingine: mtu huingia vipi katika Ukristo, na nani mwenye mamlaka ya kusema kwamba ameingia.

Mtazame Mbaptisti wa CBCA, ile Jumuiya ya Kibaptisti katika Afrika ya Kati ambayo makao yake makuu yako hapa hapa Goma. Mtoto wake hapewi maji. Huombewa, akaachwa akue. Akishakua na kukata shauri la kumfuata Kristo, hufuata mafundisho, huhojiwa juu ya imani yake na mwenendo wake, na siku ikifika hushuka ziwani au katika birika, mchungaji akamshika mgongoni kwa mkono mmoja na kifuani kwa mwingine, akamlaza nyuma hata maji yakamfunika uso, akamwinua, na waimbaji walio ufukoni wameshaupokea wimbo kabla hajafuta macho. Huo ndio watu wetu wauitao ubatizo wa maji mengi. Akianguka baadaye katika dhambi ya wazi, hutengwa na Meza ya Bwana mpaka atubu. Sasa mtazame Mkatoliki wa parokia ya jirani: analetwa angali mchanga, amebebwa, wazazi na wasimamizi wakamjibia, padri humwagia maji kichwani mara tatu kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu, jina lake huandikwa katika kitabu cha ubatizo, na kando ya mstari huo huo, miaka mingi baadaye, wataongeza kipaimara chake na ndoa yake. Mstari ule haufutwi. Anaweza kuacha kusali, akalewa, akahamia dhehebu jingine, na bado kanisa lake litamhesabu kuwa mbatizwa, kwa sababu itikadi yake ni kwamba ubatizo hutia rohoni alama isiyoondoka.

Hapo ndipo shina la shaka lilipo. Kwa Mbaptisti, na kadhalika kwa Mpentekoste wa jumuiya za CEPAC au CELPA, imani hutangulia na maji hufuata. Maji yaliyomwagwa juu ya mtoto asiyejua lolote si ubatizo mbaya, bali si ubatizo hata kidogo. Ndiyo maana Mkatoliki akihamia kwao huzamishwa, nao hukataa kabisa kusema kwamba wamembatiza mara ya pili. Walakini muulizaji wetu asipokuwa mwangalifu hatambui kwamba upanga huu una makali ya pande mbili. Martin Luther alizaliwa tarehe 10 Novemba 1483, akabatizwa kesho yake na padri wa Kirumi, wala hakubatizwa tena maisha yake yote, Calvin kadhalika. Kama maji ya Roma si kitu, basi waasisi wa Uprotestanti walikufa bila kubatizwa. Na watu wa kwanza kulipa gharama ya fundisho la kubatiza watu wazima tu hawakuipata taabu hiyo kwa Wakatoliki peke yao: huko Zürich, Januari 1527, Felix Manz alizamishwa mtoni mpaka akafa kwa hukumu ya baraza la mji lililokuwa tayari la Kiprotestanti.

Ugomvi huu, basi, ni wa ndani ya nyumba ya Waprotestanti kabla haujawa wa baina yao na Roma. Mwaka 1845 Mkutano Mkuu wa Wapresbiteri wa Marekani, wa upande ulioitwa wa Mapokeo ya Kale, ulikutana Cincinnati ukakata kauli kwa kura 169 dhidi ya 8 kwamba ubatizo wa Kanisa la Roma si halali. Na aliyesimama kuupinga uamuzi huo kwa kalamu alikuwa Charles Hodge, mwalimu mkuu wa theolojia wa Princeton, mtu ambaye hakuna aliyeweza kumshuku kuwa mpenzi wa Papa. Hoja yake kwa ufupi ni kwamba kanisa laweza kujaa makosa na bado likawa na Wakristo ndani yake, na kwamba maji, jina la Utatu na nia ya kutii agizo la Kristo vyatosha. Nakiri kwamba kila nikiirudia hoja ile naiona nzito kuliko kura zile 169.

Tukigeukia upande wa pili tunakuta jambo ambalo Waprotestanti wengi wa Goma hawalijui, na wakiambiwa hushangaa. Kanisa Katoliki, ambalo katika Mtaguso wa Trento mwaka 1547 liliyalaani mafundisho ya Luther moja baada ya jingine, katika kikao hicho hicho liliamua kwamba ubatizo uliotolewa hata na mzushi, kwa jina la Utatu na kwa nia ya kufanya lifanyalo Kanisa, ni ubatizo wa kweli. Sheria yake ya mwaka 1983 yafuata kaida hiyo: aliyebatizwa kwa Wabaptisti habatizwi tena isipokuwa pana sababu nzito ya shaka. Matokeo yake huonekana bayana katika ndoa. Binti Mkatoliki akiolewa na Mbaptisti aliyekwisha kuzamishwa, mbele ya parokia hiyo ni ndoa ya Wakristo wawili wa madhehebu mbalimbali, na ruhusa ya askofu yatosha. Lakini kijana yule akiwa bado hajazamishwa, ijapokuwa amelelewa kanisani na baba yake ni mchungaji, sheria humweka katika fungu moja na Mwislamu au mtu asiye na dini, na ndoa haiwi halali mpaka kizuizi kiondolewe kwa kibali maalumu. Kwa hiyo, mtu akitaka kuuliza nani humwona mwenzake si Mkristo, jibu hutegemea mwaka ambao kijana alishuka majini.

Juu ya hitilafu ya imani na matendo sitakawia, si kwa kuwa ni ndogo, bali kwa kuwa imeandikwa sana. Mprotestanti husema mwanadamu huhesabiwa haki kwa imani peke yake, na humshuku Mkatoliki kuwa anaununua wokovu kwa novena na sadaka. Walutheri na Roma walitia sahihi tamko la pamoja juu ya jambo hili huko Augsburg tarehe 31 Oktoba 1999, na Wamethodisti wakaliunga mkono mwaka 2006. Lakini Wabaptisti na Wapentekoste, ambao ndio wengi miongoni mwa Waprotestanti wa Kivu, hawamo katika mkataba huo, na mimbari zao hazina wajibu wa kuutangaza.

Suala la wafu lataka subira zaidi. Mahali pengine ulimwenguni Mprotestanti husikia Bikira Maria na watakatifu wakiombwa, akaona ni kosa la kielimu. Huku kwetu huona kitu anachokifahamu kwa jina. Babu yake aliishi katika nchi ambamo, Rutshuru na Masisi na kwingineko, watu waliingizwa katika ibada ya mizimu iitwayo kubandwa, wakaitwa wana wa Ryangombe, wakaomba mizimu iwaletee mvua na uzao. Na kuokoka, kwa kizazi kile, maana yake ya kwanza ilikuwa kuvichukua vitu vya mizimu na kuvitia motoni, kutoongea tena na aliyekufa. Mjukuu wa mtu yule akimwona jirani amepiga magoti mbele ya sanamu, hahitaji kitabu cha theolojia kumtia hofu. Kisha ikaja ibada ya Misa iliyoidhinishwa na Roma mwaka 1988 kwa majimbo ya Zaire, ambamo mwanzoni kabisa wahenga wenye moyo mnyofu huitwa pamoja na watakatifu washiriki sala. Maaskofu walikuwa na hoja yao, nayo si dhaifu: kwamba ushirika wa watakatifu haukuanzia Ulaya, na kwamba waliomtafuta Mungu kwa moyo safi kabla ya kufika wamisionari hawakukosa kuonekana naye. Wakatoliki pia hupambanua kwa mkazo baina ya kuabudu, ambako ni haki ya Mungu peke yake, na kumwomba aliyetangulia akuombee. Lakini hoja iliyo sahihi kwa mwenye kuitoa yaweza kuwa jeraha kwa mwenye kuisikia, na sidhani waliotunga ibada ile walimfikiria sana Mprotestanti ambaye babu yake alilia siku alipochoma vitu vile.

Pana sababu nyingine isiyo ya mimbarani, nayo ni dola. Tarehe 26 Mei 1906 serikali ya mfalme Leopold II ilifanya mkataba na Roma, ambao kwao misheni za Kikatoliki zilipewa ardhi, kila kituo hekta 100 hata 200, kwa sharti la kufungua shule chini ya uangalizi wa serikali. Zilipoanza ruzuku za shule katika miaka ya 1920, zilielekezwa kwa misheni zilizoitwa za taifa, yaani hasa za Wabelgiji Wakatoliki. Waprotestanti, ambao wengi wao waliletwa na Wamarekani, Waingereza, Waswidi na Wanorwe, walihesabiwa wageni, wakaachiwa kujitegemea mpaka baada ya Vita Kuu ya Pili. Mtoto wa Mprotestanti aliona kwa macho yake shule ya matofali ya mapadri na shule ya nyasi ya kwao, na mtu wa Bula Matari, yaani wa serikali ya kikoloni, akipita humwamkia padri kwanza. Haikuwa vigumu baada ya hapo kumwaminisha kwamba kanisa lile ni kanisa la dunia. Ajabu ni kwamba wamisionari Wabaptisti wa Kivu, waliotokana na shirika lililoundwa Marekani mwaka 1943 kwa kujitenga na Wabaptisti wenzao walioonekana kulegea, ruzuku ilipofunguliwa waliionea shaka kwa itikadi ya kutenga kanisa na dola, na waumini wao Waafrika, waliotaka shule kwa ajili ya watoto wao, wakazozana nao vikali. Shirika ambalo liliwatilia shaka hata Wabaptisti lisingaliweza kuwafundisha watu wake kumwona Mkatoliki kuwa ndugu kwa urahisi.

Sasa niseme rai yangu. Kanuni ya Kibaptisti ina heshima yake, maana haimruhusu mtu kurithi imani kama arithivyo shamba. Kila mmoja sharti asimame mwenyewe. Lakini kanuni hiyo hiyo yamfunga anayeitumia. Kama Ukristo huhesabiwa mtu mmoja mmoja, kwa toba na imani ya moyo wake, basi hukumu ya jumla kwamba Wakatoliki si Wakristo haiwezi kutolewa na Mbaptisti mwenye kuifuata kaida yake, sawasawa na vile asivyoweza kusema kwamba Wabaptisti wote wameokoka. Anachoweza kusema ni kwamba ubatizo wa utotoni haumthibitishii jambo. Na wale Wakatoliki wa kwanza wa nchi hizi hawakumwagiwa maji ovyo: Kadinali Lavigerie, aliyeasisi Wamisionari wa Afrika huko Algiers mwaka 1868, aliwaamuru mapadri wake wamweke mtu mzima katika mafundisho na majaribio kwa miaka minne kabla ya kumbatiza, muda ambao sijaona jumuiya ya maji mengi mjini mwetu ikiudai.

Siku hizi bawabu mwingine amesimama mlangoni. Makanisa ya uamsho yaliyojaa katika mitaa ya Goma huuliza juu ya CBCA yale yale ambayo CBCA iliuliza juu ya Roma: je, mna Roho, au mna utaratibu tu? Na wafuasi wa mhubiri Mmarekani William Branham, ambao nchini Kongo si haba, hufundisha kwamba Utatu wenyewe ni uzushi uliotoka Roma, na kwamba Mbaptisti aliyezamishwa kwa majina matatu sharti arudi majini kwa jina la Yesu. Hapo Mbaptisti na Mkatoliki hujikuta ghafula upande mmoja, nao wote wawili hukataa kuutambua ubatizo usiotaja Utatu. Wakuu wao, kwa mambo ya dunia, wamekwisha kuzoeana: Februari 2025, majuma machache baada ya mji kutwaliwa na waasi wa M23, ujumbe mmoja wa maaskofu Wakatoliki na wa Kanisa la Kristo katika Kongo ulikuja Goma kutafuta suluhu, na hakuna aliyeuliza katika safari ile ni nani kati yao aliyebatizwa akiwa mchanga. Kuhusu Meza ya Bwana na kitabu cha ubatizo, hata hivyo, kila upande ungali na sheria zake, na mchumba wa Kikatoliki anayekwenda kwa Wabaptisti ataulizwa kesho, kama alivyoulizwa mama yake, kama yuko tayari kushuka majini.