Insha Inayoishia Rasimu ya Kwanza

Insha nyingi zinazosahihishwa katika sekondari zetu, iwe Mkuza hapa Kibaha au kwingineko, ni rasimu ya kwanza. Mwanafunzi huandika, hukusanya daftari, hurudishiwa likiwa na wino mwekundu, hutazama alama, basi. Hapati nafasi ya kuirudia kazi yake, ilhali ufundi wa kuandika hujengwa hasa katika kurudia.

Simlaumu mwalimu. Madarasa ni makubwa, na kumwambia mtoto anakili upya kurasa tatu ili ahamishe aya moja ni kumwadhibu. Kompyuta huondoa adhabu hiyo.

Mwaka 1981 Linda Flower na John Hayes wa Marekani walichapisha nadharia iliyotokana na kuwasikiliza watu wakisema mawazo yao kwa sauti huku wakiandika. Walionyesha kwamba kupanga, kuandika na kupitia havifuatani kama vituo vya daladala. Mwandishi hurudi nyuma wakati wowote. Darasani bado tunafundisha kana kwamba safari ni ya kwenda tu.

Programu ya kurekebishia insha kwenye kompyuta tunaweza kuipata bure. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Leo ipo LibreOffice, iliyochipuka kutoka OpenOffice, nayo haihitaji intaneti ikishawekwa kwenye kompyuta. Ukiwasha sehemu yake ya kurekodi mabadiliko, kilichofutwa hubaki kimekatwa mstari na kilichoongezwa huonekana kwa rangi. Hapo mwalimu huona jinsi mtoto alivyofikiri, jambo ambalo nakala safi huficha, kisha humwandikia maoni pembeni.

Kikagua tahajia nashauri kizimwe hadi mwisho. Mistari yake myekundu humvuta mwanafunzi kwenye herufi kabla hoja haijakaa. Tena kitenzi cha Kiswahili hubeba nafsi, njeo na minyambuliko, kikazaa maumbo mengi mno. Neno sahihi kama “tusingewaandikia” linaweza kupigiwa mstari, na mtoto akalifuta kwa kuiamini mashine.

Kompyuta zikiwa chache, rasimu ya kwanza iandikwe kwa kalamu. Kisha kila mwanafunzi achague aya moja tu, ile anayoiona dhaifu, aichape na kuirekebisha akiwa na mwenzake: mmoja asome kwa sauti, mwingine abadilishe. Mtihani wa kidato cha nne bado ni wa kalamu, lakini aliyezoea kuipanga na kuitilia shaka aya yake huingia na uwezo huo katika chumba cha mtihani.

Utoaji wa alama nao ubadilike. Chini ya aya mpya mwanafunzi aandike sentensi mbili akieleza amebadili nini na kwa nini, na mwalimu asahihishe hizo kabla ya kitu kingine chochote.